Limburg ni tambarare, lakini kurudi kuna bei yake

Wiki iliyopita dada mmoja anayeishi Antwerp aliniandikia kuhusu safari yake ya baiskeli huko Limburg, mkoa wa mashariki mwa Ubelgiji: "Kaka, ulisema Limburg ni tambarare. Nimerudi kwa treni, tyubu mbili zimekwisha, miguu imekufa, na hiyo nyika ya zambarau sikuiona." Nilipomuuliza, nikaelewa. Alitaka kumaliza kwa siku moja zile njia tatu za baiskeli zinazopigwa picha na kila mtu: ya ndani ya maji kule Bokrijk, ya kati ya miti kule Hechtel-Eksel, na daraja la nyikani kule Mechelse Heide, nyika yenye maua ya zambarau. Aliondoka Genk saa nne asubuhi, kwenye matairi ya milimita 25 yaliyojazwa mpaka yakawa mawe.

Huu ni ujumbe wa nne wa aina hii tangu majira ya joto yaanze, kwa hiyo najibu hadharani. Ndiyo, nilisema ni tambarare. Nilisema na mengine pia, ila hayo watu huyaruka.

Tuanze na upepo, maana ndio unaowaumiza wengi. Ubelgiji upepo huvuma zaidi kutoka kusini-magharibi. Mtu akishuka treni Genk na kuelekea mashariki, anakwenda Mechelse Heide huku anasukumwa mgongoni, anaona mwendo wa kilomita 30 kwa saa, anajiona bingwa. Akifika ukingoni mwa uwanda wa Kempen, barabara inateremka kuelekea bonde la mto Maas. Anateremka Eisden akiimba. Sasa ageuke. Kuna mpando wa takriban mita 50 wa kurudi uwandani, halafu upepo wa uso hadi Genk, na sehemu za nyika hazina mti wa kukukinga. Kilomita 25 za kurudi hula nguvu kuliko 35 za kwenda. Mpando wenyewe si kitu, gia ya meno 34 mbele na 28 nyuma inatosha kwa yeyote. Kinachoua ni kwamba unaukuta ukiwa umeshatumia kila ulichonacho.

Kwa hiyo ukiwa na gari, liache upande wa Maas, uanze kwa kupanda na kukata upepo asubuhi, urudi unasukumwa. Ukija kwa treni huna budi kuanzia Genk, basi nenda kwa mwendo unaokuwezesha kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Na usiunganishe njia zote tatu. Bokrijk na Hechtel-Eksel ni siku moja, Mechelse Heide na Eisden ni siku nyingine. Anayekwambia amezimaliza zote kabla ya chakula cha mchana hakuona hata moja.

Sasa namba. Ukiwa Limburg huna haja ya kukariri majina ya vijiji. Kila njiapanda ya baiskeli ina namba yake, na vibao vya bluu vinakuelekeza namba inayofuata. Aliyebuni utaratibu huu, Hugo Bollen, alikuwa mhandisi wa migodi, na mtandao wa kwanza ulifunguliwa hapa hapa Limburg mwaka 1995, miaka mitatu baada ya mgodi wa mwisho wa makaa, wa Zolder, kufungwa. Ajira ya makaa ilikuwa imekwisha na mkoa ulihitaji sababu nyingine ya watu kuja. Leo mtandao una takriban kilomita 2,000, na nchi jirani zimeuiga.

Namna ya kuutumia: andika namba za safari yako kwa mpangilio kwenye utepe wa karatasi, ubandike juu ya bomba la fremu mbele ya kiti. Simu ni nzuri, lakini jua la Agosti hufuta kioo na betri huisha. Ukifika kwenye namba, usiondoke kabla ya kuona kibao cha namba inayofuata. Ukipita njiapanda mbili bila kibao, umepotea tayari. Rudi kwenye namba ya mwisho uliyoiona, usijaribu kukisia kwa jua. Tahadhari moja: namba hurudiwa katika mitandao ya mikoa jirani. Ukiingiza namba kwenye programu bila kutaja eneo, unaweza kupangiwa safari ya mkoa mwingine kabisa.

Matairi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mwaka jana niliandika kwamba milimita 32 ndiyo saizi ya nchi hii na baadhi yenu mkaniita mzee wa baiskeli ya mboga. Haya, angalieni mlichopata.

Njia nyingi za hapa ni zege iliyomwagwa kwa vipande, na kati ya kipande na kipande kuna ufa. Msituni, mizizi ya misonobari huinua lami na kutengeneza matuta ya kukatiza njia. Tairi jembamba lililojaa sana halimezi chochote: kila ufa unapanda mpaka kwenye mabega, na baada ya saa tatu unachoka bila kujua kwa nini. Kwa mtu wa kilo 70 na tairi la milimita 32 lenye tyubu, anza na psi (kipimo cha msukumo wa hewa) 50 mbele na 55 nyuma. Kwa milimita 28, psi 65 na 70. Kila kilo tano zinazozidi, ongeza psi moja au mbili. Kabla ya yote soma kikomo kilichoandikwa kwenye tairi na kwenye rimu, na ufuate kile kilicho kidogo.

Ukishusha upepo kupita kiasi nako kuna adhabu yake: gurudumu likigonga mzizi, tyubu inabanwa kati ya mzizi na rimu, inatoboka matundu mawili yaliyo sambamba kama alama ya meno ya nyoka. Ukiyaona hayo, kosa ni la pampu yako, wala usitafute mwiba. Tundu moja upande wa nje, hapo kuna kitu kimechoma: kipande cha chupa, jiwe kali, au changarawe nyeusi inayomomonyoka kutoka kwenye vilima vya mabaki ya migodi.

Dada yetu alipoteza tyubu mbili ndani ya dakika kumi. Nikamwuliza, matundu yalikuwa sehemu moja? Akasema ndiyo, karibu na valvu zote mbili. Basi tyubu ya pili haikuwa na kosa. Kilichoichoma ya kwanza kilikuwa bado kimekaa ndani ya tairi. Kwa hiyo fuateni utaratibu huu kila mara, hata mvua ikinyesha. Unapofunga tairi nyumbani, lipangilie jina la tairi lililochapwa pembeni likae sawa na valvu. Ukipata pancha, toa tyubu, ijaze upepo kidogo, tafuta tundu, pima umbali wake kutoka kwenye valvu, kisha nenda kwenye tairi umbali ule ule kutoka kwenye jina. Geuza ndani nje, pitisha kidole polepole, na uangalie kwa macho upande wa nje. Usiridhike mpaka ukitoe. Kama huoni kitu, pitisha kitambaa cha pamba tairi zima. Kitanasa kwenye ncha ambayo kidole hakikuhisi. Ndipo uweke tyubu mpya, yenye upepo kidogo ili isijikunje. Beba tyubu mbili, viraka sita, vishikizo viwili vya kung'olea tairi, na pampu ndogo ambayo ulishawahi kuijaribu nyumbani. Pampu ndogo hudai mipigo zaidi ya mia na hamsini. Afadhali ujue hilo ukiwa sebuleni.

Kitu kingine kinachoangusha watu ni mchanga. Ardhi ya Kempen ni mchanga mtupu, na mvua au magurudumu ya trekta huuleta juu ya zege, hasa kwenye kona msitu unapokwisha. Funga breki kabla ya kona, baiskeli ikiwa wima, kisha uachie breki na upite bila kulala. Anayeshika breki ya mbele akiwa tayari ameinama hatauliza tena kwa nini tunavaa glavu. Ukiingia kwenye mchanga wenye kina, weka gia nyepesi, sogeza uzito nyuma, legeza mikono, endelea kukanyaga. Ukisimama umezama.

Mchanga huo huo hula cheni. Mafuta mazito ya cheni, yale ya mvua (wet lube), huugeuza kuwa msasa. Tumia mafuta ya ukavu (dry lube), tone moja kila kiungo, acha yakauke usiku mzima, futa yote yaliyobaki nje. Baada ya safari futa cheni kwa kitambaa kabla ya kuweka mafuta mapya. Kipimo cha cheni kikionyesha imerefuka asilimia 0.5 kwa gia 11 au 12, badilisha. Ukingoja zaidi utanunua na meno ya nyuma.

Sheria ni chache, ila polisi wanazijua. Kibao cha duara la bluu chenye baiskeli maana yake lazima upite njia ya baiskeli, hata kama lami ya magari ni laini zaidi. Ni kundi la watu 15 au zaidi ndilo linaloruhusiwa kutumia barabara. Wanne wenye jezi zinazofanana si kundi. Kengele ni lazima. Na katika vitongoji vya wachimbaji, ambako njiapanda nyingi hazina alama, anayetoka kulia kwako ana haki ya kupita kwanza, na hatakuangalia.

Zile njia tatu zenyewe si za mbio. Ya Bokrijk, iliyofunguliwa mwaka 2016, ni mita 212 za zege katikati ya bwawa, maji yakiwa usawa wa macho yako pande zote mbili, na saa tano asubuhi imejaa watoto na viti vya magurudumu. Fika kabla ya saa tatu. Ile ya Hechtel-Eksel huzunguka mita 700 hadi kimo cha mita 10 kati ya misonobari. Daraja la Mechelse Heide ni la mbao: likilowa linateleza kama sabuni, usifunge breki ghafla. Zambarau ya heide huanza katikati ya Agosti na kufifia mapema Septemba. Ukija Julai utaona kahawia, usinilaumu.

Misonobari mnayopita chini yake ilipandwa kwa ajili ya migodi. Makaa yaligunduliwa katika kijiji cha As mwaka 1901, mgodi wa Winterslag ukaanza kuyatoa mwaka 1917, na kila shimo lilihitaji nguzo. Wachimbaji waliupenda msonobari kwa sababu hulia kabla ya kuvunjika, ukampa mtu nafasi ya kukimbia. Ndiyo maana miti imesimama kwa mistari iliyonyooka, na ndiyo maana mizizi iko karibu na njia. Waliokulia Lubumbashi wakiona kile kilima cheusi cha Beringen, cha mita 60, hawatahitaji maelezo. Kwao kuna ndugu yake.

Chakula: gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, chupa moja ya maji ya nusu lita kila saa, mbili kukiwa na joto. Jumapili maduka mengi ya vijijini hufungwa, hivyo jaza chupa Genk. Chipsi ziache mpaka mwisho. Mafuta yanakaa tumboni kama tofali ukipambana na upepo.

Kwa hiyo dada wa Antwerp, jaribu tena Jumamosi ya tatu ya Agosti. Treni ya mapema, na tiketi ya baiskeli uinunue kando na yako. Genk uwe barabarani saa mbili asubuhi. Waterschei, As, Mechelse Heide, shuka Eisden ule chini ya kanisa la Mtakatifu Barbara ukiwa bado na nusu ya nguvu, kisha rudi kupitia Zutendaal. Ukifika Winterslag pita Vennestraat, mtaa wa Waitaliano waliokuja kuchimba makaa, uagize pasta. Matairi 32, psi 50 na 55. Na kile kilichonasa kwenye tairi lile la 25, kama hujakitoa bado, kitoe leo.