Maswali Yenu: Kiu ya saa kumi na mbili jioni

SWALI: Salaam wahariri. Gongo nimeacha wiki ya tano sasa, mbege naikwepa. Shida ni jioni nikitoka saiti. Njia yangu inapita kilabuni, na kiu inanishika mpaka viganja vinaloa. Jirani kanielekeza tafakuri ya Wabuddha. Nikakaa, nikafumba macho, kiu ikazidi! Nakosea wapi? Na hii si kubadili dini?
Fundi ujenzi, Kiboriloni, Moshi

JIBU: La dini ni fupi. Kuhesabu pumzi hakuhitaji sanamu, ubani wala kusujudu, na sala zako, uwe Mlutheri au Mwislamu, zinabaki palepale. Ubuddha wenyewe hauna mzaha na pombe: kati ya ahadi tano anazojiwekea muumini wa kawaida, ya tano ni kujiepusha na vileo, kwa kuwa vinamwondolea mtu uangalifu.

Kosa lako ni kuitumia tafakuri kufukuza kiu. Buddha alifundisha mfuatano: kitu kinagusa pua au macho, hisia inazuka, kiu inafuata, halafu mtu anang'ang'ania. Kwako ni harufu ya mbege, mate mdomoni, “ningepata moja”, kisha “bila moja silali”. Harufu na mate huviwezi, pua haiombi ruhusa. Kazi yako ipo kati ya mate na “ningepata”. Anayepigana na mate anashinda jioni nzima akiiwaza pombe ileile anayoikimbia.

Kwa hiyo jifunze wakati huna kiu. Asubuhi kabla ya kazi, kaa kwenye kigoda au kiti, nyayo zote chini, mgongo usiegemee, macho nusu wazi yakitazama sakafu. (Ukifumba macho, picha za kilabuni zinaweza kukujia, ndiyo maana hatushauri kufumba.) Hesabu kila pumzi inapotoka, 1 hadi 10, kisha rudi 1. Ukipotea, anza 1 bila kujilaumu. Kupotea mara ishirini ni kawaida, na kule kugundua kuwa umepotea ndiyo zoezi lenyewe. Wiki ya kwanza dakika 5 asubuhi na 5 usiku, kisha ongeza dakika 2 au 3 kila wiki mpaka ufike 20. Ukisinzia, simama utembee uani hatua 15 kwenda na 15 kurudi, ukisikia kila unyayo unavyokanyaga.

Kiu ikija, tazama saa. Ipe alama kutoka 0 hadi 10. Itafute mwilini: ni koo, kifua au viganja? Ni joto, kubana au kutetemeka? Sema kimoyomoyo “kiu ipo”, usibishane nayo, pumua taratibu, na kila baada ya dakika 5 ipe alama upya. Itapanda kwanza, na hapo ndipo ulipokata tamaa. Ukiivumilia bila kuilisha, mara nyingi inashuka ndani ya nusu saa. Mwanasaikolojia Alan Marlatt wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, aliita njia hii kupanda wimbi, na kutokana na kazi yake ikaundwa programu ya wiki 8. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa waliopitia programu hiyo, baada ya mwaka mmoja, walikuwa na siku chache zaidi za kutumia kileo au dawa kuliko waliopata huduma nyingine. Wote walikuwa wameshamaliza matibabu ya awali.

Halafu, fundi, badili njia. Hakuna tafakuri inayodai upite mlangoni pa kilabu kila jioni. Na ule kitu kabla hujatoka saiti, maana njaa na uchovu huweza kuongeza alama za kiu bila pombe kuhusika.

SWALI: Shikamooni. Kaka yangu anakunywa pombe kali kila siku, asubuhi mkono unatetemeka mpaka apate. Tunataka tumfungie chumbani siku tatu atafakari, aache moja kwa moja. Tuanzeje?
Dada mtu, Sakina, Arusha

JIBU: Marahaba, dada. Msianze. Mkono unaotetemeka asubuhi mpaka apate pombe ni dalili kwamba mwili wake umeshaitegemea. Akikatishwa ghafla, jasho na mtetemeko huanza ndani ya saa 6 hadi 24, degedege huweza kumpata ndani ya saa 48, na kuanzia siku ya pili hadi ya nne anaweza kuchanganyikiwa na kuona visivyokuwepo. Hali hiyo inaua. Mpelekeni kwanza Hospitali ya Mount Meru, mwelezeni daktari anakunywa kiasi gani na alikunywa mwisho saa ngapi, na muulizie vitamini B1, kwa sababu wanywaji wa muda mrefu huikosa na ubongo huumia. Mpaka mumfikishe, msimnyime ghafla.

Kigoda cha tafakuri kitamsubiri. Akishatulia na akiweza kula na kulala, aanze na dakika 3 tu, nanyi mkae naye.

SWALI: Natumia methadoni, dawa ninayopewa kliniki ili niachane na unga (heroini). Kwenye kikundi chetu cha tafakuri mmoja kasema bado nimelewa, sijatimiza ile ahadi ya tano. Niache?
Msomaji, Majengo, Moshi

JIBU: Usiache. Dozi iliyopangwa na kliniki inazuia arosto, yale mateso ya mwili unapokosa unga, na kukupa kichwa cha kufanyia kazi. Ahadi inakataza kinachoondoa uangalifu, na wewe unautafuta. Kuna hatari nyingine ambayo mwenzako hakuitaja: ukiacha methadoni, mwili uliokaa bila unga unapoteza uzoefu wake, na ukiurudia, kipimo cha zamani kinaweza kukatisha pumzi siku hiyohiyo. Ukitaka kupunguza dozi, ongea na daktari wako, na upunguzaji uende polepole. Kama kusinzia kunakusumbua, kaa kutafakari kabla ya kunywa dozi ya siku.