Jibu: Nisubiri prosesa za kori 24 au ninunue sasa?
Habari mkuu. Unauliza kama usubiri Ryzen zijazo (prosesa za AMD) zinazosemwa zitakuwa na kori 24, yaani sehemu 24 zinazofanya kazi kwa pamoja ndani ya prosesa, maana Ryzen 5 5600 yako inakusumbua kwenye kuhariri video.

Tetesi hiyo inaingia akilini, ingawa bado ni tetesi. Tangu Ryzen 9 3950X ya 2019 hadi 9950X ya 2024, AMD wameganda kwenye kori 16: vipande viwili vya kori nane nane. Kila kipande kikifika 12, basi ndiyo 24 hizo. Lakini usinunue namba. Core Ultra 9 285K ya Intel tayari ina 24, ila kori kubwa zenye nguvu ni nane tu, zilizobaki ni ndogo.

Kwanza fungua Task Manager ya Windows wakati video inatolewa (export), ubofye kulia grafu ya CPU (prosesa), uchague "Change graph to" kisha "Logical processors" uone mzigo wa prosesa umegawanyika vipi. Mimi nililaumu prosesa miezi, kumbe ilikuwa inazubaa kwenye asilimia 40 na RAM ya GB 8 imejaa pomoni. Nikachomeka kijiti cha pili cha RAM, malalamiko yakaisha.

Kama grafu zako zote zinagonga asilimia 100, Ryzen 9 5950X ya kori 16 inakaa kwenye bodi za AM4, soketi ileile ya 5600 yako. Hakikisha tu feni na bodi vinahimili, ni ya wati 105, yako ni 65. Ukihamia AM5, soketi mpya zaidi ya AMD, utanunua bodi mpya na RAM ya DDR5 juu yake.