Reli ilifika lini Kampala

Reli haikufika Kampala 1901 kama wengi wanavyodhani, ndugu. Mwaka huo reli ya kutoka Mombasa iliishia Kisumu, ikiitwa Port Florence, na mizigo ya Uganda ikavushwa Ziwa Victoria kwa meli. Kampala ilipata treni ya moja kwa moja 1931, daraja la Nile pale Jinja lilipokamilika. Wengi huchanganya kwa sababu Kisumu yenyewe ilikuwa upande wa Uganda hadi mpaka ulipohamishwa 1902.

Ila ukihesabu mipaka ya leo, reli iliyotangulia ndani ya Uganda ni ya Jinja hadi Namasagali, bandari ya mto Nile, 1912. Hiyo isisahaulike: meli za Ziwa Kyoga zilishusha marobota ya pamba Namasagali, yakapakiwa kwenye mabehewa hadi Jinja, kisha yakarudi tena majini kwenda Kisumu.