Yule kuku, na chanjo ya mjukuu wangu

Mwanangu,

Sisi hatujambo, mama yako anakohoakohoa tu kama kawaida yake msimu wa baridi. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unauliza kama umruhusu mjukuu wangu achanjwe shuleni dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi, maana jirani yako anashikilia kuwa saratani haina virusi, sasa chanjo ya nini.

Huyo jirani simcheki. Maneno hayohayo niliwahi kuyasema mimi, nimeshika chaki. Tulikuwa bado tunakaa zile nyumba za walimu. Kijana wa kidato cha tatu akanyoosha mkono: "Mwalimu, nimesoma kuwa kuku waliambukizwa saratani." Nikamwambia akae chini, asituletee hadithi za bandani. Darasa likacheka, nami nikacheka. Tangu siku ile wakamwita Kuku, na mkono hakunyoosha tena.

Kumbe alisema kweli! Mwaka 1909, huko New York, mfugaji alimpelekea mtafiti Peyton Rous, wa taasisi ya utafiti wa tiba ya Rockefeller, kuku mwenye uvimbe wa saratani kifuani. Rous akausaga ule uvimbe, akauchuja kwa chujio ambalo hata bakteria hawapenyi, maji yake akawadunga kuku wazima wa ukoo uleule. Nao wakaota uvimbe: kilichopenya kilikuwa kidogo kuliko bakteria, yaani kirusi. Alitangaza 1911, wengi wakaona ni mambo ya kuku tu. Tuzo ya Nobel alipewa 1966, ana miaka 87. Miaka 55 anangojea, mwanangu!

Nimesema siku zote: mwalimu asiyejua kusema "sijui" ni wa kuogopwa. Mama yako ananiambia najitesa bure, vitabu vyetu havikuwa na habari hiyo. Labda. Lakini vitabu havikumcheka mtoto wa watu.

Nilikutana na yule kijana wangu stendi mwaka juzi, ana mvi, akanishikia mkoba. Nikatamani kumweleza habari za Rous. Nikaishia kumuuliza watoto hawajambo.

Usinielewe vibaya, saratani nyingi haziambukizi kabisa. Ila hiyo ya mlango wa kizazi huletwa na kirusi, HPV, na chanjo inafaa itangulie kabla binti hajakutana nacho. Ya shangazi yako unayajua, sirudii.

Mtoto ni wako na baba yake, mimi sitoi amri, ingawa ulimi unaniwasha. Niambie tu wanachanja siku gani, nipande basi nije nimsindikize. Yaani, kama mtaamua.

Baba yako