Mota ikinguruma bila kuzunguka, toa kidole kwenye swichi

Juzi dogo mmoja hapa karakana kawasha msumeno wa meza, mota ikanguruma mmmmm, haizunguki. Kazima, kawasha, kazima, kawasha tena huku ananiangalia kama vile mashine itamuonea huruma. Nilimrukia kama mwizi. Haya wadogo zangu, sikilizeni, nimechoka kunusa vanishi ya waya inayoungua.

1. Anza na umeme. Mota ya hp 3 (nguvu za farasi tatu) ya fezi moja, yaani umeme wa kawaida wa nyumbani, inataka kama ampea 14, wewe umeileta kwa waya mwembamba wa 1.5 (milimita za mraba) mita arobaini tena umeuviringa kama chatu, umeme unafika umechoka. Weka wa 2.5, mfupi, ukunjue wote.

2. Chomoa plagi, toa mkanda, zungusha puli ya mota kwa mkono. Ikiwa nyepesi ila bledi ngumu, mota haina kosa. Puli yenyewe ikigoma, beringi hizo.

3. Inanguruma tu. Hii ndo ilinitoa machozi. Nilikuwa najifunza kwa mzee mmoja Keko, Dar, kaenda msibani kaniachia milango sita ya mninga. Asubuhi mota ikagoma, nikajifanya mjuzi, kapasita hiyo (kile kikopo kinachoipa mota msukumo wa kuanza)! Nikatoa hela yangu ya kula nikanunua mpya, nikafunga, mngurumo uleule. Badala ya kufikiri nikashika kipande cha mbao nikawa nasukuma bledi swichi ikiwa imewashwa (usijaribu, vidole vyangu kumi ni bahati tu), ikashika, nikapasua mbao za mlango wa kwanza nikijiona injinia. Kila nikizima, hadithi ileile. Mchana nimechoka kusukuma, nikasema niiache ingurume kidogo ipate moto, itachangamka kama gari la dizeli. Wallahi niliamini hivyo. Kumbe mota iliyosimama umeme ukiwemo inavuta ampea mara tano sita ya kawaida, na feni haizunguki kwahiyo hata upepo haipati. Dakika mbili hazikuisha, moshi. Fundi wa kusuka mota, yaani kuzungushia upya waya za ndani zilizoungua, akafungua kifuniko cha nyuma, akanionyesha ile swichi ndogo inayopitisha umeme wa kuanzia kisha inajiachia mota ikishika kasi, pointi zake zimejaa unga wa mbao, umeme haupiti. Akapuliza kwa mdomo, fuu. "Ilikuwa inataka hivi tu." Hela ya kusuka ililiwa kwenye posho yangu miezi mitatu. Mzee hata hakunigombeza, ila kila mteja akija ananitambulisha: "Huyu ndo mpishi wetu wa mota."

4. Kapasita inabaki na umeme hata plagi ikiwa nje, imalize chaji kwa balbu kwanza. Na maikrofaradi ziwe zilezile.

5. Mota ya fezi tatu (inayoletewa umeme kwa nyaya tatu za moto) ikipoteza fezi moja nayo inanguruma hivyohivyo. Na mkichanganya fezi mbili bledi inageuka kinyume, angalieni kabla hamjasogeza mbao.

6. Kitufe chekundu, kile kinachozima mota ikizidiwa, kikiruka, subiri ipoe. Aliyekibana na kabari ya mninga ili kisiruke anajijua, na testa yangu ya kupimia umeme bado hajarudisha.