Kabla hujanunua gripa ya roboti uliza kwanza: umeme ukikatika inafanyaje?

Wadogo zangu wa ufundi mnaoniuliza kuhusu gripa, yaani ile sehemu ya mwisho ya mkono wa roboti yenye vidole vya kushikia mzigo, leo niandike mara moja niache kurudia. Mi niko upande wa upakiaji hapa Mwanza, katoni za minofu ya sangara zinatoka friza zinapangwa kwenye paleti, so naongelea mazingira ya maji na barafu, sio maabara.

Wengi mkifungua data shiti mnakimbilia namba moja tu, kilo ngapi inabeba. Sasa we piga hesabu mwenyewe. Katoni ya kilo 3, mvutano wa dunia weka 10, mkono ukinyanyuka kwa kasi ongeza 5, zidisha hiyo 15 kwa kilo 3, hapo unapata nyutoni 45 (nyutoni ndo kipimo cha nguvu). Gawa kwa msuguano mara mbili maana vidole viko viwili. Raba kavu kwenye katoni kavu tuseme msuguano ni 0.5, kila kidole kinatakiwa kubana nyutoni 45, ukizidisha mara mbili kwa usalama inakuwa 90, mteremko. Lakini katoni ikitoka friza ikakutana na joto la huku inatoa jasho dakika hiyo hiyo, ukipitisha kidole juu yake kinateleza, sasa weka 0.2 uone: 112.5, mara mbili 225. Gripa kama Robotiq 2F-85 mwisho wake ni nyutoni 235, kwahiyo upo ukingoni kabisa na katoni ni ya kilo 3 tu!

Na hapo ndo penyewe. Nyutoni 225 ni kama ndoo ya lita 20 imejaa maji halafu inakukalia kwenye ncha ya kidole. Mwongozo wa ISO/TS 15066 wa 2016, wa roboti zinazofanya kazi pamoja na watu, unaweka kikomo cha nyutoni 140 kwa mkono na vidole vikibanwa. Yaani nguvu inayotosha kushika katoni yenye maji ishapita kile kikomo cha mkono wa mtu, hata kama muuzaji kakwambia roboti yake ni rafiki wa binadamu. Weka uzio au kinga. Pia kwenye programu usiache vidole vifunguke mpaka mwisho, acha nafasi ya milimita chache tu kati ya kidole na katoni, mkono wa mtu haupiti na unaokoa muda pia.

Umeme sasa, wote tunaijua hali. Gripa ya hewa isiyo na springi wala valvu ya kuzuia hewa isirudi, kompresa ikizima na presha ikishuka inalegea, mzigo unaenda chini. Ya kunyonya ndo kabisa, sekunde chache tu kama haina tenki la akiba. Kwahiyo muulize muuzaji hilo swali kabla ya bei, akianza kuzunguka zunguka mwache.

Halafu kuna hii tabia, katoni imekwama, mtu anaipozi roboti anaingiza mkono. Jamani, pozi sio kuzima! Zima swichi kuu, piga kufuli, funguo mfukoni mwako sio kwa supavaiza, kisha toa hewa iliyobaki kwenye silinda maana hata umeme ukiwa umekatwa ile hewa bado inaweza kukubana. Yenye springi ndo usiiamini kabisa, springi inabana hata bila hewa.

Mengine haraka haraka. Uzito wa gripa unatolewa kwenye uwezo wa roboti, mfano mkono wa roboti aina ya UR5e unabeba kilo 5 lakini ukifunga hiyo 2F-85 ya karibu kilo 0.9 unabaki na kama 4.1. Kwenye IP, yaani alama ya kinga ya vumbi na maji, namba ya pili ndo ya maji, IP40 maana yake haina kinga yoyote ya maji, na sisi tunaosha kwa mashine ya presha kila siku, tafuta IP69K. Wale wadudu wa ziwani wakija msimu wao wanaziba filta ya kompresa, presha inashuka taratibu mtu anadhani gripa imekufa, anza kuangalia hapo. Na tenki la kompresa litoe maji kila shifti, huku ziwani unyevu ni mwingi.

Raba za vidole ndo zinaisha mapema kuliko vyote, zikianza kung'aa badilisha, na kama zinaagizwa nje weka seti ya akiba stoo.