Jibu: Je, filamu za vijijini India zinaikejeli imani?

Ndugu, umeuliza kama filamu za vijijini India zinatetea imani au zinaikejeli. Zile bora hazifanyi lolote kati ya hayo. Anza na Devi ya mwongozaji Satyajit Ray, ya mwaka 1960. Ni Bengal, mashariki mwa India, karne ya 19. Mzee mwenye ardhi, mcha Mungu kwelikweli, anaota kuwa mkaza mwanawe, Dayamoyee, ni Kali, mungu wa kike wa Wahindu, aliyeshuka duniani. Kulipokucha anamsujudia. Mtazame binti wa watu pale: anageukia ukuta, vidole vya miguu vinajikunja kwa fedheha. Hakuna aliyemuuliza.

Mzee si tapeli, na hapo ndipo filamu inapouma. Maskini mmoja analeta mjukuu wake mahututi, na mtoto anazinduka. Sasa utabishaje? Mume wa Dayamoyee, msomi wa jijini Calcutta, anataka kumtorosha usiku. Wakifika mtoni Dayamoyee anasita: itakuwaje kama kweli yeye ni mungu? Baadaye anaugua mtoto wa nyumba hiyohiyo. Mama yake hauamini uungu huo hata kidogo, ila analemewa, na mtoto anapelekwa kwa Dayamoyee badala ya kutibiwa. Anafariki.

Ukimaliza, tafuta Guide ya Vijay Anand, 1965. Mtu aliyetoka jela anadhaniwa mtawa, kisha wanakijiji wanamtwika mfungo wa kuomba mvua. Nyimbo ni nyingi, lakini siku za mwisho za ule mfungo usiziruke.